Soma Kabla Hujagusa Saa

Nimestaafu. Nikimwambia mama hivyo anacheka mpaka anashika ukuta, kwa sababu niko na miaka ishirini na nane na bado ananituma dukani. Lakini ngazi nimerudisha, funguo za gari nimerudisha, na ile shati ya kampuni yenye alama ya kufuli mgongoni nimeifua, nikaipiga pasi, nikairudisha pia. Mtu akisharudisha shati, amestaafu. Sasa niko na kitalu cha miche kando ya barabara hapa Noonkopir, na ndoto yangu ni siku moja mtu akipanda paa yoyote ya Kitengela aone kijani yangu kutoka huko juu. Ndoto nyingi nilizipatia juu ya paa. Ukishamaliza kufunga king'ora, unakaa dakika mbili hivi unaangalia milima ya Ngong, na dakika mbili hazijawahi kufukuzisha mtu kazi.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mlioingia juzi. Mambo ya mshahara mtajionea wenyewe. Mimi nataka kuwaambia kile hakuna mtu atawaambia mkitumwa kwa nyumba ambayo stima imepotea siku tatu, halafu ikarudi, na alamu ya wezi imeamua kurukwa na akili.

Siku yangu ya kwanza niliwekwa chini ya Fundi Kioko. Wengi wenu mmemkuta: mrefu, mkimya, kofia ya sufu hata kwa jua. Tulienda kwa nyumba moja karibu na barabara ya Namanga. Mwenye nyumba akafungua mlango, akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Sasa fundi yuko wapi?"

Kioko alikuwa amebeba ngazi. Akasema, "Mimi ni dereva. Fundi ndiye huyo."

Wadogo zangu, wakati huo sikujua bisibisi inashikwa upande gani. Nikaingia na uso wa mtu anayejua. Alamu ilikuwa imekufa kabisa, haina hata taa moja. Nikafungua paneli, lile sanduku la chuma ambalo ndilo ubongo wa alamu, nikavuta waya huu, nikavuta ule, nikatoa jasho saa nzima. Kioko alikuwa amekaa kwa ngazi anakula ndizi. Nilipokaribia kulia akaniita pembeni akaniuliza polepole, "Nani amechaji simu hapa?" Nikaangalia ukutani. Plagi ya alamu ilikuwa imelala sakafuni, na kwa soketi kulikuwa na chaja ya simu ya mtoto wa form two.

Hilo ndilo swali la kwanza mpaka leo. Kabla ya kufungua chochote, uliza nani amechaji simu, nani amepiga pasi, nani amechomeka redio. Nusu ya kazi zangu za miaka saba ilikuwa ni kurudisha plagi na kukataa chai ya tatu.

Vyombo si vingi. Mita ya kupima nguvu ya betri. Bisibisi mbili, moja ndogo. Kalamu ya wino usiofutika, ya kuandika tarehe juu ya kila betri mpya, kwa sababu mteja ataapa kwamba betri ni ya mwaka jana na kumbe iliwekwa wakati mtoto wake wa kwanza anazaliwa. Na mswaki wa zamani. Wa mswaki nilichekwa na kila mtu ofisini mpaka wakaona kazi yake. Buibui wa Kitengela wanapenda kulala ndani ya sensa, kile kijicho cha alamu kinachoona mtu akipita, na buibui mmoja mwenye miguu mirefu anaweza kuamsha mtaa mzima akipita mbele yake.

Sasa stima ikipotea muda mrefu, mambo yanaenda hivi. Ndani ya paneli kuna betri, na betri inashikilia alamu kwa masaa kadhaa. Ikiwa nzee inashikilia kidogo tu. Ikiisha, alamu inazima kimya kimya, haiagi mtu. Siku stima inarudi, paneli inaamka kama mtu aliyezirai: inakumbuka kwamba ilikuwa imefungwa, yaani imewekwa kulinda nyumba, kwa hivyo inajifunga tena, lakini haijui ni siku gani. Mteja anafungua mlango wake mwenyewe na king'ora kinampigia kelele kama mwizi. Betri nayo ukiipima peke yake itakudanganya, itasema iko sawa. Ipime ikiwa inafanya kazi, king'ora kikilia. Hapo ndipo utaona ikianguka.

Hayo yote nilikuwa nayajua mwaka wangu wa tatu. Nilikuwa nayajua sana, hata nikaanza kutembea na mkono mmoja mfukoni. Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Adhiambo.

Mwalimu Adhiambo alikuwa na nyumba nje kidogo ya mji, ukielekea Kajiado. Alikuwa mama wa peke yake, mpole, anayeongea na kila mtu kama yuko darasani. Nyumba yake ilichungwa na mtu anaitwa Parsimei, kama miaka arobaini hivi, aliyeishi kwa chumba cha getini. Parsimei aliangalia ng'ombe wawili, alinyunyizia maji majani, zile nyasi za mbele ya nyumba, na alikuwa amebeba watoto wa Mwalimu mgongoni wakati barabara inajaa matope, mpaka wakawa wakubwa wakaenda chuo. Miaka tisa. Mimi nikifika aliniita entito, yaani msichana, na alinishikia ngazi bila kuuliza fundi yuko wapi.

Jumatatu jioni transfoma ililipuka na mtaa wote ukaingia giza. Jumanne asubuhi Mwalimu akafunga alamu, akaenda kukaa kwa dada yake Rongai, apate kusahihisha mitihani kwa mwanga. Parsimei akabaki na ng'ombe. Bila stima hakuna pampu, bila pampu hakuna maji, kwa hivyo mchana alikuwa anawapeleka ng'ombe mbali kunywa. Alhamisi stima ikarudi. Ijumaa asubuhi Mwalimu akarudi, akakuta alamu inalia pii, pii, pii, akafungua mfereji, hakuna maji. Akaenda kwa kibanda cha pampu. Pampu haiko. Bomba zilikuwa zimefunguliwa vizuri tu, kwa spana.

Ofisi ikanituma. Nikafika saa nne na kitu, nimejaa furaha kama kawaida, maana betri iliyokufa ni kazi rahisi. Nikaweka betri mpya. Nikaandika tarehe. Nikaangalia ile sahani ya namba ukutani, ya kubonyezea msimbo, nikaona saa imepotea: ilisema 18:05, na simu yangu ilisema saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nikairekebisha, tap tap tap. Nilikuwa najivunia kuacha saa ikiwa sawa.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nekesa, mashine hii inaweza kutuambia nani alifungua kile kibanda? Si uliniambia kina sensa?"

"Inaweza, Mwalimu. Kila kitu kinaandikwa humu."

Nikafungua kumbukumbu za paneli. Nikasoma kwa sauti, na nilikuwa na sauti nzuri ya kusoma. Betri iko chini. Imezima. Imewaka upya, saa sita kamili usiku. Imezimwa kwa msimbo namba tatu, saa nane na robo usiku.

"Namba tatu ni ya nani?" Mwalimu akauliza, ingawa alijua.

Parsimei alikuwa mlangoni, na ndoo ya maziwa mkononi. "Ni yangu," akasema. "Nilifungua stoo nitoe chakula ya ng'ombe, ikapiga kelele. Siku mbili nilikuwa nafungua na imenyamaza. Nikaizima. Lakini haikuwa usiku, Mwalimu. Ilikuwa jana jioni, jua likiwa bado."

Mwalimu akaniangalia mimi. Hapo ndipo ningenyamaza. Hapo ndipo ningesema ngoja kwanza nipige simu ofisini. Badala yake nikasema, "Mashine haina sababu ya kudanganya."

Parsimei akaweka ndoo chini polepole, maziwa yasimwagike. "Na mimi niko na sababu gani?"

Mwalimu akaanza kulia, akasema hataki polisi, anataka tu aende. Parsimei hakubishana. Alikunja shuka yake ya pili na blanketi, akatundika funguo kwa msumari wa geti, akaondoka akielekea barabarani. Nilipomaliza kufunga paneli, ng'ombe walikuwa wanalia kumuita.

Jumatatu nikapeleka karatasi ya kazi kwa Kioko. Alikuwa anazisoma zote, hata za kubadilisha balbu. Nikamhadithia pia, kwa sababu kile kitu kilikuwa kimenikaa kifuani wikendi yote.

"Umeandika hapa saa ilikuwa imepotea, ukarekebisha," akasema. "Uliikuta inasema saa ngapi?"

"Kumi na nane na dakika tano."

"Ulirekebisha kabla ya kusoma ama baada ya kusoma?"

"Kabla."

Akatoa kofia. Miaka mitatu sikuwa nimewahi kuona nywele za Kioko. "Na iliwaka upya saa ngapi?"

"Saa sita kamili usiku. Sifuri sifuri, sifuri sifuri."

"Kamili? Bila hata dakika moja? Stima ya huku imeanza lini kuja kwa mpangilio?"

Nikainama kuitazama ile karatasi tena.

"Na tarehe?"

"Ilisema tarehe moja, mwezi wa kwanza."

Hapa lazima niwaambie ukweli wa kampuni yetu wa siku hizo. Tulikuwa tunaweka saa, hatukuwa tunaweka tarehe. Hakuna aliyekuwa na hiyo subira. Kwa hivyo paneli karibu zote tulizofunga Kitengela, kila siku ilikuwa mwaka mpya, ama karibu na hapo, na macho yetu yalikuwa yamezoea kuruka hiyo laini. Nilipoona mwezi wa kwanza sikuona kitu. Mtu asiyejua kazi angeshtuka. Mimi nilijua kazi.

Kioko akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi yangu. Paneli ikiamka bila betri, saa yake inaanza upya kutoka sifuri. Kama saa nne na dakika ishirini asubuhi ilikuwa inasema 18:05, basi ilikuwa imeamka masaa kumi na nane na dakika tano kabla. Hesabu nyuma. Alhamisi, saa kumi na robo jioni. Ongeza masaa mawili na robo.

"Saa kumi na mbili na nusu jioni," nikasema.

"Jua likiwa bado," akasema Kioko.

Tulienda kuhakikisha kwanza. Kinyozi wa karibu na kwa Mwalimu alikuwa shahidi asiye na mfano. Jumatatu jioni stima ilipotea akiwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa, na mteja huyo akakaa na kofia mpaka Alhamisi. "Stima ilirudi saa kumi na kitu," kinyozi akasema. "Saa kumi na nusu alikuwa kwa hiki kiti, hata hakunisalimia. Alitoa kofia tu akasema, malizia." Mpaka leo nikicheka jambo hilo nacheka na macho yana maji.

Kwa Mwalimu niliongea nimesimama. Nikamwambia pampu inaweza kuwa iliibwa siku zile alamu imekufa, na ni lini hasa hakuna mashine inajua, lakini Parsimei hakuizima usiku wa manane kumfungulia mwizi, aliizima jioni kama alivyosema. Nikamwambia kosa si la paneli, ni langu. Alikaa kwa kiti kama mtu aliyebeba gunia. "Watu wa kanisa wote nimewaambia," akasema. "Nimewaambia jina lake."

"Tumpigie simu," nikasema.

Kioko akatikisa kichwa. Yeye ni Mkamba, lakini amefanya kazi Kajiado tangu mimi niko nasari. "Kwa simu hapana. Jina lilichafuliwa mbele ya watu, linasafishwa mbele ya watu. Na unaenda umeshika majani mabichi mkononi. Mmasai hata kama amekasirika aje, akiona umeshika majani atasimama akusikilize."

Sasa mnajua vile Kajiado inakaa kiangazi. Majani mabichi utayatoa wapi? Kila kitu kilikuwa rangi ya biskuti. Tukaangaliana, halafu sisi watatu tukageuka kuangalia mahali pamoja: ile bustani ndogo mbele ya nyumba ya Mwalimu, iliyokuwa bado kijani kidogo katikati. Nikang'oa, nikayafunga kwa gazeti lenye maji, nikayaweka ndani ya sanduku la vyombo, kati ya mita na mswaki.

Kesho yake Mwalimu akaomba ruhusa shuleni, akanunua sukari na majani ya chai, na Kioko akatuendesha. Parsimei alikuwa kwao Oltepesi, barabara ya Magadi. Rongai tulikaa kwa jam mpaka nikaanza kufungua sanduku kila dakika kumi kuangalia majani kama mtu anayeangalia mgonjwa. Tukiteremka baada ya Kiserian joto likapanda, na gazeti likakauka. Nilimwaga maji yangu yote ya kunywa humo ndani. Mita iliharibika siku hiyo, na sijawahi kusema kwa ofisi kwa nini. Sasa mmejua.

Tulimkuta anakata kwato za mbuzi, ndugu yake mkubwa ameshika mbuzi, na wanaume wawili majirani wakiangalia. Nikashuka. Majani yalikuwa yamelala kama tambi iliyoiva, lakini nikayainua hivyo hivyo. Parsimei akaona. Akaweka kisu chini, akasimama.

"Supai," nikamsalimia kwa Kimaa.

"Epa," akajibu. Akangoja.

"Nilisoma mashine vibaya. Nilirekebisha saa kabla sijasoma. Ulizima saa kumi na mbili na nusu jioni, kama ulivyosema."

"Jua likiwa bado," akasema.

"Jua likiwa bado."

"Sema tena. Huyu ndugu yangu hakusikia vizuri."

Ndugu yake alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikaelewa. Nikasema tena, kwa sauti, mbele ya ndugu yake na majirani na mbuzi, kwamba Parsimei hakuiba kitu, kwamba alisema ukweli na mimi nikabisha kwa sababu nilikuwa naamini namba kuliko mtu. Ndugu yake akawaeleza majirani kwa Kimaa, na mmoja wao akapumua kwa nguvu, eeeh, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu Ijumaa. Mwalimu naye akasema yake. Hayo siyaandiki, ni ya Mwalimu.

Ndipo Parsimei akachukua majani mkononi mwangu. Akayageuza. Akayanusa.

"Hii imetoka wapi, entito?"

"Kwa Mwalimu. Mbele ya nyumba."

"Mbele ya nyumba, karibu na mfereji?"

"Hapo hapo."

Akamuangalia ndugu yake, akaniangalia mimi. "Hii ni yangu. Hii naimwagilia kila jioni na kopo. Umetoka Kitengela mpaka hapa kuniletea majani yangu?"

Kioko ndiye alicheka wa kwanza. Kisha ndugu. Kisha wote, na mbuzi akapata nafasi akatoroka na kwato mbili zimekatwa na mbili bado, kama yule mteja wa kinyozi. Parsimei akafunga yale majani kwa pembe ya shuka yake, fundo moja, akaanza kumkimbiza.

Alirudi Jumamosi, lakini kwa sharti. "Nifundishe kuisoma hiyo mashine," akaniambia. "Isiwe inaongea juu yangu na mimi siisikii." Nilimfundisha kwa siku moja. Kumbukumbu, saa, tarehe, yote. Alishika haraka kuliko mimi. Pampu haijapatikana mpaka leo, na Mwalimu alinunua nyingine akaifungia kwa mnyororo.

Nilizunguka mwezi mzima kwa wateja wetu nikiweka tarehe, nyumba kwa nyumba, wengine wakidhani nimetumwa na serikali. Na tangu siku hizo, kila stima ikipotea kwa Mwalimu na kurudi, simu yangu inalia. Ni Parsimei. Haniulizi kitu. Ananiambia tu: stima imerudi saa fulani, paneli inasema saa fulani, nimesoma kwanza, ndiyo nimeweka saa.

Wiki iliyopita stima ilipotea tena siku nzima. Mimi nilikuwa kitaluni namwagilia kitanda changu cha kwanza, ambacho mama haamini nimepanda majani tu, majani ya kawaida. Simu ikalia.

"Entito. Imerudi saa tisa na dakika kumi. Nimesoma. Nimeweka."

"Parsimei, si nilikuambia nimeacha kazi? Nimestaafu. Sasa unafaa kupigia ofisi."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Ofisi nimepigia," akasema. "Wewe nakuambia tu."